Uga Mmoja, Maana Moja: Hotuba kuhusu Ufafanuzi wa Nyuga katika Majedwali ya Hifadhidata

Ndugu Mwenyekiti, wataalamu wenzangu, nanyi wanafunzi mlioketi viti vya nyuma mkidhani kwamba mada hii ni ya wakubwa:

Nashukuru kwa nafasi mliyonipa. Nimeombwa nizungumzie ufafanuzi wa nyuga katika hifadhidata, yaani safu za majedwali, ambazo kila moja hubeba taarifa ya namna moja, na namna ya kuulinda ili usiwe hivi katika jedwali moja na vile katika jedwali jingine. Najua kwamba si mada yenye mvuto. Sijawahi kuona mtu akipongezwa kwa sababu uga wa nambari ya mteja una urefu uleule katika majedwali yote 9 ya mfumo wake, na sidhani kama nitamwona. Hata hivyo, nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nikirekebisha madhara ya nyuga zisizolingana, na kwa hiyo nina la kusema.

Nianze na kisa. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa na taasisi moja, ambayo sitaitaja, nisaidie kutafuta sababu ya ripoti mbili za mwezi uleule kutoa jumla mbili tofauti za malipo. Wahasibu walikuwa wamekwisha kupitia stakabadhi moja baada ya nyingine bila kuona kosa, na ndiyo maana shaka ikageukia mfumo. Ripoti ya kwanza ilisoma jedwali la malipo peke yake. Ripoti ya pili iliunganisha malipo na wateja ili ioneshe majina. Katika jedwali la wateja, nambari ya mteja ilihifadhiwa kama maandishi ya nafasi 8, yaliyojazwa sifuri mbele: 00004217. Katika jedwali la malipo, lililoundwa baadaye na mtu mwingine, nambari ileile ilihifadhiwa kama nambari kamili: 4217. Aliyeandika ripoti ya pili aliona kwamba aina hizo mbili hazipatani, akageuza nambari kuwa maandishi kabla ya kulinganisha, akaendelea na kazi zake. Ila maandishi 4217 si sawa na maandishi 00004217. Wateja ambao nambari zao zilijaza nafasi zote 8 walionekana katika ripoti pamoja na malipo yao, waliobaki walitoweka. Hapakuwa na ujumbe wa kosa wala onyo, na mfumo haukusimama hata dakika moja. Ripoti ilichapishwa ikiwa safi kabisa, ila jumla yake ilikuwa pungufu.

Kosa lile halikufanywa na aliyeandika ripoti. Yeye alikuta majedwali mawili yanayosema mambo mawili kuhusu kitu kimoja, akachagua. Kosa lilifanywa siku ile jedwali la malipo lilipoundwa na mtu ambaye, kwa kukosa mahali pa kuuliza nambari ya mteja ni kitu gani hasa, alijijibu mwenyewe. Hoja yangu leo ni hiyo tu, na yote nitakayosema yanairudia: ufafanuzi wa uga ni makubaliano kuhusu maana, na makubaliano hayo yanapaswa kuandikwa mahali pamoja, kisha kila jedwali liyarejelee badala ya kuyabuni upya.

Ninaposema ufafanuzi, simaanishi aina ya data peke yake. Aina ya data, yaani kama uga unabeba nambari, maandishi au tarehe, ndiyo sehemu inayoonekana kwa urahisi, na kwa sababu hiyo wengi hudhani kwamba ndiyo yote. Ufafanuzi kamili unaeleza jina la uga, aina yake, urefu au usahihi wake, kama unaweza kuachwa tupu na utupu huo unamaanisha nini, thamani zipi zinaruhusiwa, kipimo chake ni kipi, na mwisho, kwa sentensi moja au mbili za lugha ya kawaida, uga huo unaeleza jambo gani la ulimwengu halisi. Sentensi hizo za mwisho ndizo zinazokosekana mara nyingi zaidi, na ndizo ambazo hakuna mashine itakayomwandikia mtu kwa usahihi, kwa kuwa maana hiyo imo vichwani mwa watu wa kazi na haimo ndani ya seva.

Wazo hili si jipya. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, mwanahisabati aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya IBM, alichapisha makala iliyoweka msingi wa hifadhidata za kihusiano tunazozitumia hadi leo. Katika nadharia yake, kila safu ya jedwali huchota thamani zake kutoka kwenye kikoa, yaani seti ya thamani zinazoruhusiwa. Kikoa kipo kabla ya jedwali. Majedwali mawili yenye nambari ya mteja hayana fafanuzi mbili zinazofanana. Yana kikoa kimoja ambacho yote mawili yanachota humo. Tofauti ya kauli hizo mbili inaonekana ndogo, lakini ndiyo inayotenganisha mfumo unaolingana kwa sababu umejengwa hivyo na mfumo unaolingana kwa sababu watu bado wanakumbuka.

Kwa bahati mbaya, lugha ya SQL, ambayo kwayo hifadhidata huundwa na kuulizwa, ilipowekwa kuwa kiwango rasmi mwaka 1986, vikoa havikuwamo. Viliingia katika toleo la mwaka 1992 kwa amri ya CREATE DOMAIN, na hata baada ya hapo watengenezaji wa mifumo walivipokea kwa kusuasua. PostgreSQL inavyo, na Firebird vilevile. Oracle ilingoja hadi toleo la 23. MySQL, ambayo huenda ndiyo iliyoko katika mashine za wengi wenu, haina. Matokeo yake ni kwamba vizazi kadhaa vya wataalamu vimelelewa katika desturi ya kuandika aina ya data upya katika kila jedwali, kwa mkono, mara mia, na kuiona desturi hiyo kuwa ndiyo maumbile ya kazi.

Sasa tutazame jinsi nyuga zinavyoachana. Kutolingana kwingine mfumo hukukataa papo hapo, na huko hakunisumbui. Mkijaribu kulinganisha uga wa maandishi na uga wa nambari kamili katika PostgreSQL bila kugeuza mmojawapo, mtaambiwa kwamba ulinganisho huo haupo, na kazi itasimama. Wanafunzi huona ukali huo kuwa kero. Mimi naupenda, kwa maana mfumo unaokataa humlazimisha mtu aulize. MySQL ni mpole zaidi, na upole wake ni wa hatari: hugeuza pande zote mbili kuwa nambari kisha hulinganisha, hivyo kwamba maandishi 4217, 04217 na hata 4217A yote huhesabiwa kuwa sawa na 4217. Katika kisa changu malipo yalipotea. Katika mfumo wenye upole wa namna hii, malipo ya mtu mmoja yangeweza kuandikwa chini ya majina ya watu watatu. Isitoshe, faharasa, yaani orodha iliyopangwa ya kuharakisha utafutaji, iliyojengwa juu ya uga wa maandishi haiwezi kutumika katika ulinganisho huo, na ulizo lililokuwa likijibiwa kwa kufumba na kufumbua huanza kupekua jedwali zima. Mara nyingi huo wepesi uliopotea ndio dalili ya kwanza watu wanayoilalamikia, nao hununua seva kubwa zaidi kutibu ugonjwa wa ufafanuzi.

Ufunguo wa kigeni, yaani uga wa jedwali moja unaolazimishwa kurejelea mstari uliopo katika jedwali jingine, husaidia, lakini usiuamini kupita kiasi. Katika MySQL, ufunguo wa kigeni wa nambari kamili hukubaliwa tu iwapo ukubwa wa uga na hali yake ya kuruhusu au kutoruhusu nambari hasi vinalingana pande zote mbili, na hilo ni jambo jema. Kwa nyuga za maandishi, seti ya herufi na kanuni za ulinganishaji wa herufi hazina budi kufanana, ila urefu si lazima. Mtu anaweza, basi, kuwa na jedwali mama, linalorejelewa, lenye msimbo wa bidhaa wa nafasi 20 na jedwali mtoto, linalorejelea, lenye nafasi 12, na mfumo ukaridhia. Kabla ya toleo la 5.7 la mwaka 2015, ambalo ndilo lililofanya ukali kuwa hali ya kawaida, maandishi marefu kuliko uga yalikatwa mkia na kuhifadhiwa hivyo hivyo kwa onyo ambalo karibu hakuna programu iliyolisoma. Data zilizokatwa miaka ile bado zimo katika hifadhidata nyingi, na hakuna sasisho litakalozirudishia mikia yake.

PostgreSQL nayo ina ulegevu wake. Huruhusu uga wa nambari kamili ya biti 32 urejelee ufunguo mkuu, yaani uga unaotambulisha kila mstari wa jedwali, wa biti 64. Siku zote mambo huenda sawa, hadi ufunguo mkuu unapovuka 2,147,483,647, ambayo ndiyo nambari kubwa kuliko zote inayoweza kukaa katika biti 32 zenye alama ya chanya au hasi. Jedwali mama, lililokwisha kupanuliwa na mtu mwangalifu, hupokea safumlalo mpya, yaani mistari mipya ya data, bila shida. Jedwali mtoto, lililosahauliwa, hukataa. Jambo hilo hutokea mfumo ukiwa umekua na kazi zimepamba moto, na kupanua uga katika jedwali lenye safumlalo bilioni si kazi ya dakika tano.

Hayo yote, hata hivyo, ni ya aina na urefu, na kwa vile yanaonekana, yanatibika. Yanayonikosesha usingizi ni yale ambayo aina zinalingana barabara na maana hazilingani.

Chukueni tarehe. Katika jedwali moja, tarehe ya malipo ni tarehe tupu, siku bila saa. Katika jingine, jina ni lilelile, lakini uga unabeba siku pamoja na saa. Mtu anaandika sharti lilelile kwa majedwali yote mawili: kuanzia 2024-01-01 hadi 2024-01-31. Katika jedwali la kwanza, malipo yote ya Januari yanapatikana. Katika jedwali la pili, 2024-01-31 inasomwa kuwa usiku wa manane unaoanza siku hiyo, na kila malipo yaliyofanyika baada ya hapo, yaani karibu siku nzima ya mwisho wa mwezi, yanaachwa nje. Mwisho wa mwezi ndipo malipo yanapokuwa mengi. Nimeona kosa hili katika mifumo iliyoandikwa na watu wenye akili kuliko mimi, na siwalaumu, kwa kuwa jina la uga liliwaambia kwamba vitu hivyo viwili ni kimoja.

Hata nyuga mbili zenye siku na saa zinaweza zisiwe kitu kimoja. MySQL ina aina ya TIMESTAMP, ambayo huhifadhi wakati kwa UTC, yaani saa ya kimataifa ya marejeo, na kuugeuza kulingana na ukanda wa saa wa anayesoma, na ina DATETIME, ambayo huhifadhi kilichoandikwa bila kujali ukanda wowote. Ya kwanza inakomea tarehe 19 Januari 2038. Ya pili inafika mwaka 9999. Mtu akitumia moja kwa agizo na nyingine kwa uwasilishaji wa mzigo, anaweza kukuta mzigo umefika kabla haujaagizwa. PostgreSQL ina jozi ya namna hiyo, na huko wengi hudhani kwamba aina yenye ukanda wa saa huutunza ukanda wenyewe, ilhali hugeuza wakati kuwa UTC na kuutupa ukanda. Kama kujua mtu alikuwa katika ukanda gani ni muhimu kwa kazi yenu, ukanda huo unahitaji uga wake. Ushauri wangu ni kwamba ufafanuzi wa kila uga wa wakati useme waziwazi kama ni siku au ni nukta ya wakati, na kwamba jina lake lioneshe tofauti hiyo. Nyumbani kwangu, kwa maana ya katika mifumo ninayoisimamia, uga wa siku huanza na neno siku na uga wa nukta ya wakati huanza na neno wakati. Si mtindo mzuri kwa macho, lakini tangu tuuanze kosa la mwisho wa mwezi halijarudi.

Fedha ni hadithi nyingine ya namna hiyo. Kwanza kuna wanaohifadhi fedha katika nambari za nukta inayoelea, ambamo 0.1 ikijumlishwa na 0.2 haitoi 0.3 kamili bali 0.30000000000000004, na majedwali mengine ya mfumo uleule yakitumia desimali kamili. Jumla za pande hizo mbili zitaachana kwa senti, na senti hizo zitamtesa mhasibu kuliko pengo la milioni, maana pengo kubwa huonekana lilikoanzia. Pili, hata walio na desimali kila mahali huandika nafasi mbili baada ya nukta kana kwamba ni sheria ya dunia. Yen ya Japani haina nafasi hata moja katika matumizi ya kawaida, na dinari ya Kuwait ina tatu. Kiwango cha ISO 4217 kinaeleza kwa kila sarafu msimbo wa herufi tatu na idadi ya nafasi zake. Kiasi cha fedha kisicho na uga wa sarafu pembeni yake ni nambari isiyokamilika, na hapa nakiri kwamba nimewahi kuunda majedwali ya namna hiyo mwenyewe, nikiamini kwamba sarafu ya pili haitakuja. Ilikuja.

Kuhusu vipimo, mfano ulio mashuhuri kuliko yote haukutokea katika hifadhidata, lakini ni ndugu yetu wa karibu. Mwezi Septemba 1999 chombo cha Marekani kilichoitwa Mars Climate Orbiter kilipotea kilipokuwa kikiingia katika mzingo wa sayari ya Mars. Uchunguzi ulionesha kwamba programu moja ya ardhini ilitoa thamani za msukumo kwa kipimo cha pauni, ilhali programu iliyozipokea ilizisoma kwa kipimo cha niutoni. Tofauti ni takriban mara 4.45. Nambari ni nambari. Hakuna kilichozuia moja kuingia mahali pa nyingine. Wengi husimulia kisa hiki kama onyo kwamba tuandike vipimo. Ninaloliona mimi ni gumu zaidi: waraka wa makubaliano kati ya pande hizo mbili ulikuwapo, na ulitaja kipimo sahihi. Uliandikwa na haukufuatwa, na hapakuwa na kitu kati ya waraka na data cha kugundua kwamba haukufuatwa.

Kwa sababu hiyo siwaambii mwandike tu kamusi ya data kisha mrudi nyumbani. Nimeona kamusi nyingi za data. Nyingi ni faili la lahajedwali lililoandaliwa kwa bidii kubwa mwanzoni mwa mradi, likawasilishwa, likasifiwa, na tangu siku hiyo halijaguswa. Baada ya mwaka mmoja kamusi hiyo ina madhara kuliko kutokuwa nayo, kwa kuwa anayeisoma anaiamini. Kamusi inayofaa ni ile ambayo mfumo unaisoma pia.

Wazee wetu wa COBOL, lugha kongwe ya programu, walilielewa hili. Waliandika muundo wa rekodi mara moja katika faili la pamoja, kisha kila programu ikaliita kwa neno COPY; uga ukibadilishwa katika faili lile, programu zote zilizokusanywa upya zilipata mabadiliko. Katika Oracle, msimbo wa PL/SQL, lugha ya programu ya mfumo huo, unaweza kutangaza kigeu, yaani jina la kuhifadhia thamani, kwa kusema kwamba kiwe cha aina ileile ya safu fulani, kwa kutumia %TYPE, bila kutaja aina yenyewe. Safu ikirefushwa, kigeu nacho kinafuata. Pale palipo na vikoa, vitumieni: tangazeni kikoa cha nambari ya mteja mara moja, pamoja na sharti lake, na kila jedwali litaje jina la kikoa. Nawatahadharisha tu kwamba katika PostgreSQL masharti ya kikoa yanaweza kuongezwa na kuondolewa baadaye, ila aina iliyo chini yake haibadiliki, kwa hiyo urefu ni afadhali uwekwe kama sharti kuliko kufungwa ndani ya aina. Pale pasipo na vikoa, fafanuzi ziwekwe katika faili moja ndani ya hazina ya msimbo, na amri za kuunda majedwali zizalishwe kutoka humo.

Nanyi ambao mmerithi mfumo wa zamani, ambao nadhani ndio wengi humu, kuna ukaguzi mmoja ambao mnaweza kuufanya kesho asubuhi. Mifumo mingi ya hifadhidata hujieleza yenyewe kupitia information_schema, yaani majedwali yanayoorodhesha majedwali na safu zote za mfumo. Oracle ina majedwali yake ya namna hiyo. Chukueni orodha ya safu zote, zipangeni kwa jina, kisha tafuteni kila jina linalotokea katika zaidi ya jedwali moja likiwa na aina zaidi ya moja, au urefu zaidi ya mmoja, au likiruhusu utupu hapa na kuukataza pale. Ulizo lenyewe ni la mistari isiyofika kumi. Matokeo yake, katika mfumo wa umri wa miaka mitano na kuendelea, huwa marefu kiasi cha kuvunja moyo. Msianze kurekebisha siku hiyo. Anzeni na nyuga ambazo majedwali yanaunganishwa kwazo, kwa maana huko ndiko kutolingana kunakopotosha majibu. Urefu tofauti wa uga wa maelezo ya hiari unaweza kungoja hata milele. Kisha wekeni ulizo hilo katika majaribio yanayojiendesha kila mtu anapoleta mabadiliko ya muundo, pamoja na orodha ya tofauti mlizokwisha kuzikubali, ili tofauti mpya ikizaliwa ikataliwe mlangoni.

Ukaguzi huo una upofu wake, nao ni kwamba unategemea majina. Hautaona kwamba nambari_ya_mteja, mteja_na na kodi_mteja ni uga mmoja wenye majina matatu. Kinyume chake, utalalamika kuhusu uga uitwao hali, ambao katika jedwali la maagizo unasema kama agizo limetumwa, na katika jedwali la watumishi unasema kama mtu yuko kazini au likizoni. Hapo dawa si kuzilinganisha. Nimewahi kumwona kijana mwenye bidii akiunda jedwali moja la hali zote za mfumo mzima, na kwa ukaguzi wake kila kitu kililingana, ila agizo sasa liliweza kuwa likizoni. Vitu viwili vyenye maana mbili vipewe majina mawili: hali_ya_agizo na hali_ya_ajira.

Vilevile kuna tofauti ambazo ni za haki. Bei iliyo katika jedwali la bidhaa na bei iliyo katika mstari wa ankara zinapaswa kuwa za kikoa kimoja, lakini thamani zake haziwajibiki kulingana, kwa sababu ya kwanza ni bei ya leo na ya pili ni bei iliyokubaliwa siku ya mauzo. Anayeifuta ya pili kwa madai kwamba ni marudio anabadilisha ankara za zamani kila bei inapopanda. Hata hapa jina lingesaidia: bei_ya_sasa, bei_iliyouzwa.

Nisipite bila kugusa utupu. Uga ulioachwa tupu unaweza kumaanisha kwamba hatujui, au kwamba swali halimhusu mtu huyu, au kwamba bado hatujauliza. Kiwango cha ISO 5218, kinachohusu msimbo wa jinsi, kilitenganisha mambo hayo kwa uangalifu: 0 ni haijulikani, 1 ni mwanamume, 2 ni mwanamke, na 9 ni haihusiki. Jedwali moja likitumia 0 na 9, na jingine likiacha utupu kwa yote mawili, kuunganisha majedwali hayo kunawezekana, lakini kurudi nyuma hakuwezekani tena.

Mwisho, kuhusu kurekebisha kilichokwisha kuharibika. Msibadilishe uga mahali pake wakati mfumo unafanya kazi. Ongezeni uga mpya wenye ufafanuzi sahihi kando ya ule wa zamani; fanyeni programu ziandike katika nyuga zote mbili; jazeni thamani za nyuma kwa mafungu madogo; linganisheni uga kwa uga kwa muda wa kutosha, angalau mzunguko mmoja kamili wa ripoti; hamisheni wasomaji mmoja mmoja; na mkiwa na hakika kwamba hakuna anayeusoma wa zamani, ufuteni. Hatua ya mwisho ndiyo inayoahirishwa zaidi. Uga wa zamani usipofutwa, mtu mpya ataukuta, atauona una data, na atautumia.

Katika taasisi niliyoanza nayo, kazi hiyo ilichukua miezi kadhaa. Nambari ya mteja ilifanywa kuwa maandishi ya nafasi 8 kila mahali, kwa sharti kwamba ziwe tarakimu tupu, na ripoti mbili zikatoa jumla moja isipokuwa kwa safumlalo chache za jedwali la malipo ambazo nambari zake hazikuwa za mteja yeyote. Hatukuzifuta, wala hatukuzibunia mteja. Tulizihamishia katika jedwali lake lenyewe, lenye uga wa kueleza kila moja ilitoka wapi na lini, na mhasibu mmoja akapewa kazi ya kuzifuatilia kwa simu na stakabadhi. Nilipoondoka alikuwa bado hajazimaliza.

Asanteni kwa kunisikiliza. Naona mikono imeinuliwa huko nyuma, kwa hiyo tuanze na huko.